Jenerali wa Zege: Leslie Groves alijenga nini hasa?

Kila jeshi linapokabidhiwa mradi wa ujenzi, mabishano huanza vijiweni. Ilikuwa hivyo mwaka 2017 Rais John Magufuli alipoagiza ujengwe ukuta kuzunguka machimbo ya tanzanite ya Mirerani, kazi ikapewa jeshi, na ukuta wa kilomita 24.5 ukazinduliwa Aprili 2018. Wengine waliuliza askari na saruji wapi na wapi. Wengine wakajibu kwamba mwanajeshi akishika mradi hakuna porojo, kazi inakwisha. Mwaka 2023 maisha ya mwanafizikia Robert Oppenheimer yalipoingia kwenye majumba ya sinema, ubishi ukapata sura nyingine: yule jenerali mwenye kitambi na masharubu, anayemfokea kila mtu, alikuwa nani? Mlinzi wa wanasayansi? Mpelelezi? Bosi?

Alikuwa bosi wa mradi wa Marekani uliounda bomu la atomiki, na taaluma yake ilikuwa ujenzi. Jina lake Leslie Richard Groves. Ukiielewa kazi yake, utaelewa kwa nini majeshi yana wahandisi, na pia kwa nini kasi yao isisifiwe kabla hatujauliza imelipiwa na nani.

Tuanze na maneno. Mhandisi wa kijeshi ni ofisa wa jeshi aliyesomea uhandisi. Vitani hutandika madaraja, hufungua barabara, hutega na kutegua mabomu ya ardhini. Hiyo ndiyo sura tunayoijua. Sura ya pili haina milio ya risasi: kambi, viwanja vya ndege, hospitali, maghala, mabwawa. Marekani ina Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi tangu 1802, na kwa muda mrefu kikosi hicho kimechimba mito ipitike kwa meli na kujenga kingo za kuzuia mafuriko, kazi ambazo kwetu zingekuwa chini ya wizara ya kiraia. Mfereji wa Panama uliofunguliwa 1914 ulikamilishwa chini ya ofisa wa kikosi hichohicho, Kanali George Goethals.

Kwenye ujenzi kuna pande mbili zinazochanganywa sana. Mshitiri ndiye mwenye mradi, anayelipa na kuamua anachotaka. Mkandarasi ndiye anayeleta mitambo, mafundi na vibarua. Watu wakisikia "jeshi limejenga" hupata picha ya askari mwenye koleo. Kwa Groves picha hiyo ni potofu karibu yote. Yeye alikaa upande wa mshitiri: kuchagua eneo, kuchagua kampuni, kupitisha michoro, kusaini malipo, kumfukuza anayezembea. Koleo zilishikwa na raia.

Alizaliwa Agosti 17, 1896, Albany katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mchungaji aliyeingia jeshini kama kasisi, hivyo kijana alikulia kwenye kambi za kijeshi, leo hapa, kesho kule. Alipitia Chuo Kikuu cha Washington na kile cha teknolojia cha Massachusetts, kisha akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1918 akiwa wa nne katika darasa lake. Vita vya Kwanza vilimalizika mwezi huohuo wa Novemba. Vita ikamponyoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida mno. Hawaii, Texas, Nicaragua. Huko Nicaragua alikwenda mwaka 1929 na kikosi kilichopima njia ya mfereji mwingine wa kuunganisha bahari mbili, mfereji ambao haukujengwa. Machi 1931 tetemeko lilipoubomoa mji wa Managua, yeye ndiye aliyesimamia kurudisha maji ya mji, na serikali ya nchi hiyo ikampa nishani. Hata hivyo alisubiri hadi 1934, miaka 16 baada ya kuhitimu, ndipo akawa kapteni. Jeshi la wakati wa amani halina haraka ya kumpandisha mtu cheo.

Haraka ilikuja mwaka 1940. Ufaransa ilianguka mikononi mwa Wajerumani, na Marekani ikaamua kuandaa jeshi la mamilioni ya watu kabla haijaingia vitani. Watu hao walihitaji mahali pa kulala, na risasi zao zilihitaji viwanda. Groves akapewa jukumu katika idara ya ujenzi ya jeshi, na ndani ya miezi michache akaruka kutoka kapteni hadi kanali.

Hapa inabidi tueleze aina ya mkataba, maana bila huo hutaelewa kasi yote iliyofuata. Katika zabuni ya kawaida mkandarasi hutaja bei. Akikosea hesabu, hasara ni yake. Lakini ili ataje bei lazima aone michoro iliyokamilika, na michoro ya mradi mkubwa huchukua miezi. Marekani ya 1940 haikuwa na miezi hiyo. Ikatumia mkataba wa gharama na ada: serikali inalipa gharama zote halali, kisha inaongeza ada iliyokubaliwa mwanzoni ambayo haibadiliki. Gharama zikipanda, ada haipandi, kwa hiyo mkandarasi hana faida ya kuvuta kazi. Anaweza kuanza kuchimba msingi wakati michoro ya ghorofa ya pili bado iko mezani. Ubaya wake ni kwamba fundi mzembe naye analipwa. Mkataba huu unahitaji mshitiri mwenye jicho kali anayezunguka maeneo ya kazi bila kutoa taarifa. Groves alikuwa hivyo, na kwa tabia hiyo alichukiwa na wengi.

Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani, ilijengwa kwa mtindo huo. Alhamisi moja ya Julai 1941 Jenerali Brehon Somervell, mkuu wa ujenzi wa jeshi, aliagiza wasaidizi wake wamletee mpango wa jengo la kuweka wizara nzima ya vita chini ya paa moja, na akautaka Jumatatu asubuhi. Zipo hadithi za ajabu kuhusu umbo lake la pembe tano, za nyota na uchawi. Ukweli ni mwepesi. Kiwanja cha kwanza kilizungukwa na barabara zilizokikata kwa pembe tano, mchoraji akafuata mipaka ya kiwanja. Rais Franklin Roosevelt alipohamisha mradi kwa sababu jengo lingeharibu mandhari ya kutoka makaburi ya taifa ya Arlington, umbo likahama nalo. Hakukuwa na muda wa kuchora upya.

Ujenzi ulianza Septemba 11, 1941 na jengo likakamilika Januari 1943, miezi 16 tu. Korido zake zinafikia takriban kilomita 28. Mkandarasi mkuu alikuwa John McShain, raia. Groves alisimamia kwa niaba ya jeshi, na ofisa aliyekuwa chini yake, Clarence Renshaw, alikaa kiwanjani kila siku. Kwa kuwa chuma kilitakiwa kwenye meli za vita, walijenga kwa zege, na badala ya lifti za abiria wakaweka njia za mteremko. Mchanga ulichotwa Mto Potomac uliopita pembeni. Kuna jambo lisilopendeza pia: sheria za jimbo la Virginia zilitenganisha weusi na weupe, na jengo likapangiwa vyoo vingi kupita mahitaji ili kila rangi iwe na chake. Roosevelt alizuia vibao vya ubaguzi visiwekwe. Vyoo vikabaki.

Septemba 17, 1942 Groves alitarajia kupelekwa ng'ambo, kwenye vita halisi. Somervell akamwambia safari imefutwa, kuna mradi mwingine. Ulikuwa mradi wa bomu la atomiki, ulioanzishwa mwezi uliotangulia kwa jina la Wilaya ya Kihandisi ya Manhattan. Jina hilo halina fumbo lolote. Kikosi cha Wahandisi hugawa kazi zake kwa wilaya, na ofisi ya hii ilikuwa Manhattan, New York.

Groves hakufurahi. Alijua kidogo kuhusu mradi huo, na alichokijua hakikumvutia. Alichoomba ni kuvishwa kwanza cheo cha brigedia jenerali, akiamini wanasayansi wangemheshimu zaidi wakikutana naye tayari akiwa jenerali. Kisha akaanza kazi hata kabla cheo hakijafika. Siku mbili baadaye alikuwa mbele ya Donald Nelson, mkuu wa bodi iliyogawa malighafi za vita, akidai mradi upewe kipaumbele cha juu kabisa. Nelson akakataa. Groves akasema basi atamwandikia Rais kwamba mradi uachwe, kwa kuwa bwana Nelson haoni umuhimu wake. Sahihi ikapatikana. Septemba 23, siku aliyovishwa cheo, wakubwa wakiwa bado kikaoni wakijadili kamati ya kumsimamia, aliaga akawahi treni kwenda Tennessee kutazama kiwanja.

Ugumu wa kiwanja hicho unaeleweka ukijua jambo moja la sayansi. Urani ya ardhini karibu yote ni ya aina isiyofaa kwa bomu. Katika kila chembe 140 hivi, moja tu ndiyo inayofaa, na hazitofautiani kikemikali, zinazidiana uzito kidogo sana. Kuzitenga kunahitaji viwanda vikubwa ajabu. Njia nyingine ni kupika urani ndani ya kinu cha nyuklia ili sehemu yake igeuke plutoni, ambayo nayo inafaa kwa bomu, kisha kuichuja plutoni hiyo. Mwaka 1942 hakuna aliyekuwa amefanya lolote kati ya haya kwa kiwango cha kiwanda.

Groves alipokwenda Chicago Oktoba mwaka huo, aliwauliza wanasayansi kiasi gani cha malighafi kingetosha bomu moja, na kadirio lao lina uhakika kiasi gani. Wakamjibu kwamba wanaweza kuwa wamekosea mara kumi, juu au chini. Baadaye alieleza kuwa alijiona kama mpishi wa karamu aliyeambiwa aandae chakula cha wageni kati ya kumi na elfu moja. Mpishi mwenye akili angekataa. Yeye hakuweza kukataa, wala kusubiri hesabu zinyooke. Akaamua kujenga kila njia kwa wakati mmoja, akijua baadhi zinaweza kushindwa.

Huko Oak Ridge, Tennessee, likainuka jengo la K-25 lenye umbo la herufi U, kila mkono ukiwa na urefu wa karibu mita 800. Zege lilimwagwa wakati kichujio ambacho kiwanda kizima kilitegemea kilikuwa bado hakijapatikana. Kando yake kiwanda cha Y-12 kilitenga urani kwa sumaku kubwa zilizohitaji nyaya nyingi za shaba. Shaba ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, basi wakaazima madini ya fedha kutoka Hazina ya taifa, zaidi ya tani 13,000, wakayafanya nyaya. Baada ya vita madini yalirudishwa kidogokidogo, ya mwisho mwaka 1970.

Hanford, jimbo la Washington, ndiko vilikokwenda vinu vya plutoni, chini ya kampuni ya DuPont. Kampuni hiyo ilikuwa imeshambuliwa kwa kufaidika na vita iliyopita, hivyo ilikubali ada ya dola moja tu juu ya gharama. Wanafizikia walisema kinu kinahitaji mirija 1,500 ya kuwekea urani. Wahandisi wa DuPont, kwa desturi yao ya kuacha akiba, wakaweka nafasi ya mirija 2,004, na wanafizikia wakalalamika kwamba muda unapotezwa. Septemba 1944 kinu cha kwanza kiliwashwa, kikafanya kazi saa chache, kikazimika chenyewe. Gesi iliyozaliwa ndani yake ilikuwa inameza nyutroni, yaani chembe ndogo zilizotakiwa kuendelea kuipasua urani. Dawa ilikuwa kuongeza urani, na mirija ya ziada ilikuwepo tayari. Bila ile akiba iliyodharauliwa, kinu kingebomolewa na kujengwa upya.

Sasa, Oppenheimer. Watu wengi hudhani aliongoza mradi wote. Aliongoza maabara ya Los Alamos, New Mexico, ambako bomu lilibuniwa na kuundwa. Maabara hiyo ilitumia takriban asilimia 4 ya fedha zote. Gharama nzima hadi mwisho wa 1945 ilikuwa karibu dola bilioni 1.9, na zaidi ya nusu iliishia Oak Ridge. Kilele cha ajira mwaka 1944 kilikuwa watu wapatao 129,000, wengi wao mafundi, vibarua na waendesha mitambo. Ukitazama mahali fedha zilipokwenda, huu ulikuwa mradi wa ujenzi na viwanda wenye maabara ndani yake.

Lakini kinyume chake, kumwona Groves kama mnyapara tu, nacho ni kosa. Yeye ndiye aliyemchagua Oppenheimer, mtu asiye na Tuzo ya Nobel, asiye na uzoefu wa uongozi, na mwenye marafiki wakomunisti. Maofisa wa usalama walimkatalia kibali. Julai 1943 Groves aliagiza apewe bila kuchelewa. Uamuzi ule ulihitaji kumsoma mtu, na hilo vipimo vya ujenzi havifundishi.

Siri nayo aliifanya chombo cha usimamizi. Kila mtu ajue kinachohusu kazi yake, basi. Wasichana wa Y-12 walisoma mishale kwenye mitambo na kugeuza vitufe miezi mingi bila kujua wanatengeneza nini. Wanasayansi walichukia utaratibu huu, wakasema mawazo hukua kwa kushirikishana, na nadhani walikuwa na hoja. Oppenheimer alishinda vita hiyo ndani ya Los Alamos, ambako majadiliano yalikuwa wazi zaidi. Ila siri hiyohiyo ilimpa Groves mamlaka asiyo nayo mshitiri wa kawaida. Bunge lilipitisha mabilioni bila wabunge wengi kujua ni ya nini, na hapakuwa na gazeti la kuuliza.

Wala hapakuwa na wa kuwatetea wenye ardhi. Familia zilizokuwa Oak Ridge zilipewa wiki chache kuondoka, na baadhi yao zilikuwa tayari zimehamishwa mara moja kupisha bwawa. Hanford waliondolewa wakulima, pamoja na Wawanapum, wenyeji wa asili waliovua samaki Mto Columbia. Fidia ilizua kesi. Taka za plutoni zilizoanza kuzikwa Hanford wakati wa vita ziliongezeka katika miongo iliyofuata, na hadi leo zimo kwenye matangi 177 ya chini ya ardhi ambayo usafishaji wake haujaisha.

Bomu la majaribio lililipuka Julai 16, 1945. Hiroshima ikapigwa Agosti 6, Nagasaki Agosti 9. Waliokufa hadi mwisho wa mwaka hukadiriwa kufikia 140,000 Hiroshima na 70,000 Nagasaki, wengi wao raia. Groves hakuwa mjenzi aliyekabidhi funguo na kuondoka. Alikaa kwenye mazungumzo ya kuchagua miji, na aliutaka sana mji wa kale wa Kyoto, hadi waziri wa vita Henry Stimson akaukataa katakata. Habari za watu kufa kwa mnururisho zilipotoka Japani alizipuuza kama propaganda, na Novemba 1945 aliwaambia maseneta kwamba kwa maelezo ya madaktari kifo cha aina hiyo ni cha raha. Nimesoma utetezi mwingi juu yake. Kwa kauli hiyo sijaona unaosimama.

Jeshini hakudumu. Mapema 1948 Dwight Eisenhower, mkuu wa jeshi la nchi kavu wakati huo, alimsomea orodha ya malalamiko dhidi yake: ukali, majivuno, kudharau taratibu, kuvuka ngazi. Akamweleza kwamba hatawahi kuwa mkuu wa Kikosi cha Wahandisi. Groves alistaafu Februari mwaka huo akiwa luteni jenerali, akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya mashine za ofisini na kompyuta. Alifariki Julai 13, 1970. Kenneth Nichols, msaidizi wake aliyeteswa na ulimi wake kuliko wengi, aliandika kwamba angeambiwa kurudia mradi ule, angemchagua tena Groves awe bosi wake.

Limebaki swali ambalo wasomaji wa ukanda wetu huliuliza zaidi: urani yenyewe ilitoka wapi? Wapo wasemao yote ilitoka Kongo, wapo wasemao hizo ni hadithi. Ilitoka pia Kanada na Marekani, lakini sehemu kubwa, na iliyo bora kuliko zote, ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga ya Waswahili. Mawe ya sehemu nyingine yalikuwa na urani ya asilimia moja au chini yake. Ya Shinkolobwe yaliyonunuliwa mwanzoni yalikuwa na wastani wa oksidi ya urani wa karibu asilimia 65.

Mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, Edgar Sengier, alidokezwa na wanasayansi mwaka 1939 kuwa jiwe hilo linaweza kuwa silaha. Akasafirisha zaidi ya tani elfu moja hadi ghala la Staten Island, New York, ambako mapipa yalikaa karibu miaka miwili bila mnunuzi. Siku moja baada ya Groves kuambiwa kuhusu uteuzi wake, Nichols alikwenda ofisini kwa Sengier na kuyanunua yote kwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kawaida. Baadaye wahandisi wa jeshi la Marekani walipelekwa Katanga kusaidia kuufungua mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji tangu 1937. Mzigo ulipita kwa treni, kisha majahazi ya mto, kisha treni tena hadi bandari ya Matadi. Wakongo waliochimba na kubeba mawe yale hawakuambiwa ni ya nini. Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946.

Kongo ilipokaribia uhuru mwaka 1960, mashimo ya Shinkolobwe yalizibwa kwa zege. Miongo michache baadaye wachimbaji wadogo wakarudi, mara hii wakifuata kobalti na shaba iliyochanganyika na urani ileile. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji hapo Januari 2004, lakini watu waliendelea, na Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua wachimbaji.